MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI
Historia ya kumbukumbu za kikundi chetu, 2015 hadi 2025



  Katika kurasa nyingine mtasoma habari za mikopo, za nyumba zilizoezekwa bati na za watoto waliosomeshwa. Sisi tumepewa kazi ya kuandika historia ya kitu ambacho hakuna aliyekipiga picha, yaani daftari. Huenda mtu akasema, daftari nalo lina historia gani? Tunamwomba asome mpaka mwisho. Kikundi hiki kisingefika mwaka wa kumi bila daftari, na yupo mwenzetu mmoja ambaye leo asingekuwa kati yetu kama daftari lisingepangwa upya.

KABLA YA DAFTARI

Mama zetu waliweka akiba kabla yetu. Waliweka kwenye kibubu, wakaweka kwenye pindo la khanga, na wakacheza upatu. Upatu hauhitaji maandishi mengi. Watu kumi wanatoa kiasi kile kile, kila wiki anapokea mmoja, na kila mtu anajua zamu yake. Hesabu inakaa kichwani. Lakini upatu una mipaka yake. Ukiuguliwa leo na zamu yako iko wiki ya nane, utasubiri. Fedha haizai. Na siku mtu anapotaka kutoa zaidi ya wenzake, au akitaka kukopa na kurudisha kidogo kidogo, kichwa peke yake hakitoshi tena.

Haja ya kuandika hesabu ni ya zamani sana kuliko shule. Mwaka 1950 mtaalamu kutoka Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimbua mfupa huko Ishango, Kongo, karibu na mahali Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Mfupa ule una mikato iliyopangwa mafungu mafungu, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Wako wataalamu wanaoiona mikato ile kuwa ni hesabu. Kama ni hivyo, basi watu wa maziwa yetu makuu waliandika idadi kabla ya karatasi na kabla ya kalamu.

Huko Uingereza nako serikali ilitunza hesabu za madeni na kodi kwa vijiti kwa mamia ya miaka. Kijiti kilikatwa alama za kiasi cha fedha, kisha kikapasuliwa katikati kwa urefu. Mwenye kudai alichukua upande mmoja na mwenye kudaiwa alichukua wa pili. Siku ya kulipa walileta pande zote mbili na kuzibananisha. Alama zisipokutana, kuna mtu kaongeza au kapunguza. Mwaka 1834 vijiti vya zamani vilichomwa moto katika matanuri ya jengo la Bunge la London, moto ukazidi, na Bunge lenyewe likaungua.

Tumeeleza habari ya vijiti kwa sababu moja. Kumbukumbu ya fedha huwa na nguvu inapokaa mikononi mwa pande mbili. Hili tuliliona wenyewe kikundini, kama tutakavyoeleza.

NJIA YA HISA ILIVYOTUFIKIA

Utaratibu tunaoufuata haukuanzia kwetu. Ulianza mwaka 1991 nchini Niger, katika eneo la Maradi, ambako shirika la CARE lilifanya kazi na wanawake wa vijijini. Vikundi vile viliitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara, maana yake wanawake wenye mbinu. Wengi wao hawakujua kusoma, kwa hiyo kila mmoja alitoa kiasi sawa na wenzake na hesabu ilikaririwa kwa mdomo mbele ya wote. Mbinu hiyo ilipoenea katika nchi nyingine za Afrika, pamoja na yetu, vikaongezwa vijitabu vya hisa na mihuri. Mtu akinunua hisa tatu anagongewa mihuri mitatu, na hata asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mihuri yake.

Sisi tulianza mwaka 2015 tukiwa wanawake 22. Hisa moja ilikuwa shilingi 2,000, na mtu aliruhusiwa kununua kuanzia hisa moja hadi tano kwa wiki. Tulikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zilikaa kwa akina mama watatu wasiokaa nyumba moja. Kila mwanachama alikuwa na kijitabu chake. Katibu alikuwa na daftari kuu, lile kubwa la jalada gumu, ambamo mikopo, marejesho, faini na mfuko wa jamii viliandikwa kwa mkono.

Mwaka 2017 wakati wa masika, paa la nyumba ilimotunzwa daftari kuu lilivuja usiku. Asubuhi kurasa zilikuwa zimegandana na wino umetoka. Siku ile wapo waliolia, maana mgao ulikuwa umebaki miezi miwili. Basi tukaitana wote 22, kila mmoja na kijitabu chake, tukakaa chini ya mwembe. Muhuri mmoja baada ya mwingine, mkopo mmoja baada ya mwingine, tukaandika daftari kuu upya. Jioni tukafungua sanduku na kuhesabu fedha. Zikalingana. Upande mmoja wa kijiti ulikuwa umelowa, ule wa pili ukatuokoa. Tangu siku hiyo hatujaruhusu mtu yeyote kusema kwamba vijitabu vya wanachama ni mapambo.

KWA NINI TULIHAMIA KWENYE KOMPYUTA

Sababu ilikuwa mgao. Wenye kukaa kwenye vikundi wanajua ugumu wake. Unachukua fedha zote zilizopo, unagawanya kwa hisa zote zilizonunuliwa, unapata thamani ya hisa moja. Tuseme fedha ni shilingi 12,600,000 na hisa ni 4,500. Hisa moja iliyonunuliwa kwa 2,000 sasa ni 2,800. Mwenye hisa 150 anaondoka na 420,000. Kwa maneno ni rahisi. Lakini ili ufike hapo lazima ujumlishe mwaka mzima, watu wote, wiki zote, na kila mkopo na ziada yake. Mwaka 2019 tulikuwa tumefika 30. Mgao ulianza saa 3 asubuhi ukaisha saa 4 usiku, kwa sababu ya tofauti ya shilingi 14,000 iliyotafutwa ukurasa kwa ukurasa kwa kalkuleta mbili. Ilipatikana, namba moja ilijumlishwa mara mbili. Lakini katika saa zile watu walikuwa wameanza kutazamana kwa jicho baya.

Wakati huo simu zilikuwa zimekwisha kutuzoesha mambo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na ikaingia Tanzania mwaka 2008, na kila mmoja wetu alijua kwamba ukituma fedha, ujumbe unakuja kwako na kwa uliyemtumia. Ni kile kijiti tena, pande mbili. Ndipo wanachama wakauliza, mbona daftari letu lisiwe namna hiyo?

Mwaka 2020 tulinunua kompyuta mpakato ya mkononi, na kijana wetu, mtoto wa mwanachama aliyesomea ufundi wa kompyuta, akakubali kutupangia. Alitumia programu ya jedwali, ile yenye mistari na safu, ambayo inajijumlishia yenyewe. Alitueleza ilikotoka, nasi tukapenda kuiandika hapa. Mmarekani Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alimwona mwalimu akiandika jedwali la hesabu ubaoni, na kila namba moja ilipobadilika mwalimu alilazimika kufuta na kuandika upya zote zilizoitegemea. Akawaza, kwa nini ubao usijibadilishe wenyewe? Yeye na mwenzake Bob Frankston wakatoa VisiCalc mwaka 1979. Mwaka 1985 ikatoka Excel, ambayo ofisi nyingi zinaitumia hadi leo. Kumbe wasomi wa Marekani nao walichoshwa na raba kama sisi!

KUIPANGA IFANANE NA KAZI YETU

Watu wengi hudhani ukishanunua kompyuta kazi imekwisha. Jamani, hapo ndipo kazi inapoanza. Tunaeleza hatua zetu kwa kirefu kidogo, maana vikundi jirani vimekuwa vikija kutuuliza.

Kwanza, majina ya safu. Kielelezo cha kwanza kilikuja na maneno ya wahasibu, na mweka hazina wetu akakitazama kama anayetazama barua ya mahakama. Tukayaondoa yote. Tukaweka Imeingia, Imetoka, Imebaki. Safu zikapangwa kwa mwendo wa mkutano wetu, yaani mahudhurio, mfuko wa jamii, hisa, marejesho, mikopo mipya, faini. Mwandishi anakwenda kutoka kushoto kwenda kulia kadiri mkutano unavyokwenda, hatafuti mahali.

Pili, namba za wanachama. Katika majaribio, mwanachama mmoja aliandikwa Mwanaidi, wiki nyingine Mwanahidi, wiki ya tatu Mwana Idi. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Mashine ikahesabu watu watatu, kila mmoja na akiba kiduchu. Sasa haliandikwi jina, inachaguliwa namba kwenye orodha na jina linatokea lenyewe.

Tatu, mipaka. Katiba yetu inasema hisa zisizidi tano kwa wiki. Kisanduku cha hisa kikafundishwa kukataa sita. Mkopo usizidi mara tatu ya akiba, na hilo nalo programu inalikagua. Hapo awali ilikuwa vigumu kwa mweka hazina kumkatalia shoga yake au mama mkwe. Siku hizi anasema tu, “Mama, imekataa,” na mama anakwenda kukaa bila kununa.

Nne, tarehe. Hii ilitushangaza wote. Tuliandika 4/3 tukimaanisha tarehe nne mwezi wa tatu, kompyuta ikasoma tarehe tatu mwezi wa nne, kwa kuwa ilikuwa imewekwa kwa desturi ya Wamarekani wanaotanguliza mwezi. Mkopo ukaonekana una siku nyingi kuliko zilizopo. Kijana wetu alibadili mpangilio wa nchi, siku ikatangulia, tatizo likaisha. Tunawashauri wenzetu waliangalie jambo hili kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Tano, kusahihisha. Kwenye karatasi, mtu akifuta kwa raba alama inabaki. Kwenye kompyuta, namba ikifutwa hakuna kovu la kuliona kwa macho. Kwa hiyo tuliweka kanuni kwamba mstari ulioandikwa haufutwi. Kosa likionekana unaandikwa mstari mpya wa sahihisho, pamoja na sababu na majina ya wawili walioshuhudia. Visanduku vyenye hesabu vimefungwa kwa neno la siri, na neno lenyewe tumeligawa vipande viwili. Nusu analijua katibu, nusu analijua mwanachama asiye kiongozi. Ni zile zile funguo za sanduku.

Sita, nakala. Umeme kwetu hukatika. Baada ya kila mkutano inawekwa nakala kwenye flashi mbili, moja inakaa kwa katibu na ya pili inakaa nyumba nyingine kabisa. Paa likivuja hapa, kule ni pakavu.

Bibi yetu mmoja, mkubwa wetu kwa umri, alisimama siku ya kwanza akasema, “Wanangu, hiyo mashine mimi siisomi. Itanisomea nani?” Swali hilo lilikuwa la maana kuliko yote ya siku ile. Tukamjibu, “Bibi, utasomewa mbele ya watu wote kama zamani, na mihuri yako utaihesabu mwenyewe.” Hadi leo mkutano haufungwi kabla ya baki kusomwa kwa sauti, fedha kuhesabiwa mezani, na wote kulikariri baki hilo. Wiki inayofuata, kabla kompyuta haijawashwa, mwenyekiti anauliza, “Tuliacha shilingi ngapi?” Wanachama wanaitikia kwanza. Mashine inafuata nyuma yao. Wanawake wa Maradi walifanya hivyo bila mashine, nasi hatukuona sababu ya kuacha.

Karatasi na kompyuta tuliziendesha pamoja kwa mizunguko miwili mizima. Kila mwezi tulilinganisha majumlisho. Mgao wa mwaka 2021 ulianza saa 3 asubuhi, na saa 7 mchana tulikuwa tunakula pilau.

MAYAI YA JIONI

Sasa tufike kwenye jambo tulilolitaja mwanzoni. Tumeomba ruhusa ya mhusika kuliandika, naye ametoa kwa sharti kwamba jina lisitajwe.

Mwaka 2020 tulianza mradi wa kuku wa mayai, kuku 150. Kila siku zilikuwepo zamu mbili, asubuhi na jioni, na kila mwenye zamu alilipwa posho kidogo. Kwa sababu ya posho, daftari la banda liliwekwa kwa majina. Kila mama alikuwa na ukurasa wake wenye tarehe na idadi ya mayai aliyookota. Hivyo mwisho wa mwezi ilikuwa rahisi kuhesabu siku za kila mtu. Akiba ilikuwa imekwisha kuingia kwenye kompyuta, lakini banda lilibaki kwenye karatasi.

Mwenzetu mmoja asubuhi anauza vitumbua, kwa hiyo zamu zake zilikuwa za jioni peke yake. Mwaka 2022 ilionekana kwamba ukurasa wake umeshuka. Zamani alikuwa akiandika mayai 50 hivi kwa jioni moja. Sasa anaandika 15, mara 13, mara 17. Na kwenye kurasa za wengine idadi zilikuwa zinapanda. Mnajua maneno ya akina mama yanavyosafiri. Kisimani yakaanza, sokoni yakafika, na jioni moja mtoto wake akaulizwa na wenzake kama nyumbani kwao wanakula mayai kila siku. Mama huyu akaja na barua ya kujitoa. Alisema hawezi kuapa kila siku mbele ya watu wasiomwamini, na kwamba akiba yake apewe aende zake.

Kamati ikakataa kuipokea barua kabla ya kumbukumbu kukaguliwa. Kijana wetu alikaa jioni mbili, akina mama wa zamu wakimsomea kurasa zao, akaingiza miezi minne yote kwenye jedwali. Kisha akafanya kitu ambacho daftari la kurasa za majina haliwezi kukifanya. Akaiamuru programu ipange mistari yote kwa tarehe badala ya jina, na kujumlisha kila siku. Tukakaa tukitazama. Kabla ya mabadiliko, asubuhi 70 na jioni 50, jumla 120. Baada ya mabadiliko, asubuhi 105 na jioni 15, jumla 120. Siku baada ya siku, 118, 121, 120, 119. Hapakuwa na yai hata moja lililopotea bandani.

Nini basi kilichotokea? Mteja wetu wa trei alikuwa amebadili saa ya kuchukua mzigo, kutoka saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Zamu ya asubuhi, ambayo zamani iliokota mara ya mwisho saa 4, sasa ikawa inaokota hadi saa 7 mchana. Kuku hutaga zaidi asubuhi mpaka kwenye adhuhuri, na alasiri wanaotaga ni wachache. Yale mayai ya kati ya saa 4 na saa 7, ambayo zamani yaliangukia zamu ya jioni, yalihamia zamu ya asubuhi. Daftari halikusema uongo. Kila namba iliyoandikwa ilikuwa ya kweli. Lakini lilikuwa limepangwa kujibu swali la posho, nani kafanya kazi siku ngapi, na watu wakalitumia kujibu swali la wizi. Safu ya saa haikuwemo, na jumla ya siku haikuwemo.

Katika mkutano mkuu majumlisho yale yalisomwa kwa sauti, siku moja moja, miezi minne. Kazi hiyo ilichukua muda, na hakuna aliyeondoka. Yalipokwisha kusomwa, waliokuwa wamesema walisimama mmoja mmoja wakamwomba radhi mwenzao. Barua ikachanwa na yeye mwenyewe.

DAFTARI LA BANDA LILIVYOPANGWA UPYA

Baada ya hapo tuliliunda upya daftari la banda ndani ya programu. Mstari mmoja ni mara moja ya kuokota, si mtu mmoja. Safu ni tarehe, muda, namba ya mwenye zamu, mayai mazima, mayai yaliyovunjika, kuku waliopo, kilo za chakula, ndoo za maji, na maelezo.

Kwenye safu ya muda tulipata kikwazo cha lugha. Sisi tunaposema saa 1 asubuhi, kompyuta inasema 7. Mwenye zamu akiandika 1, mashine inadhani ni usiku wa manane, na yai linaonekana limeokotwa watu wakiwa wamelala. Tukaona tusigombane na mashine. Tukaweka orodha ya kuchagua yenye maneno matupu, Asubuhi ya kwanza, Kabla ya mzigo, Jioni. Kila neno lina saa zake zilizobandikwa ukutani, kwa saa zetu za Kiswahili.

Safu za chakula na maji zimetufundisha mengi. Kuku mmoja wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, kwa hiyo kuku 150 wanahitaji kilo 17 hivi. Chakula kikipanda na mayai yakabaki pale pale, tunatafuta panya au gunia lililotoboka. Ndoo za maji zikipungua, siku chache baadaye mayai hupungua, na sasa tunajua pa kuangalia kabla hatujamwangalia mtu. Chanjo ya mdondo, ambao wengine huuita kideri, hurudiwa kila miezi mitatu, na jedwali linapaka mstari rangi nyekundu wiki moja kabla. Kabla ya hapo tuliitegemea kumbukumbu ya mtu mmoja, na mtu huugua na husafiri.

Kila robo mwaka tunakaa nusu saa na kuuliza maswali mawili. Kuna safu gani haijazwi na mtu, ili tuiondoe? Na kuna jambo gani tunabishana nalo ambalo halina safu? Tumeondoa safu nne na kuongeza tatu. Hivyo ndivyo programu inavyoboreshwa na watu ambao hawakusoma kompyuta. Kijana anajua kuiandika, sisi tunajua kuku na tunajuana wenyewe.

SERIKALI NA SIRI ZA WANACHAMA

Tuseme machache kuhusu sheria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, pamoja na kanuni zake za mwaka 2019, imevitambua vikundi vya kijamii kama chetu na kuweka utaratibu wa kuvisajili kupitia halmashauri. Tangu tusajiliwe, tunapotakiwa taarifa tunaichapisha siku hiyo hiyo. Vilevile ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Deni la mtu ni siri ya kikundi. Linasomwa mkutanoni kwa sababu katiba yetu imesema hivyo, lakini halitolewi nje, na kompyuta haiazimwi hata kwa mtoto wa mwenyekiti.

HITIMISHO

Ndugu zetu, katika miaka hii kumi tumetumia mihuri, daftari la jalada gumu, na sasa jedwali la kompyuta. Tulivyoona sisi, kila chombo kina uzuri wake, na kila chombo kinaweza kumwonea mtu kikipangwa vibaya au kikishikwa na mkono mmoja. Kwa hiyo tunawaachia vijana watakaotupokea maagizo matatu. Vijitabu vya wanachama visiachwe hata siku moja. Baki lisomwe kwa sauti kila wiki. Na kabla hamjauliza nani kachukua, ulizeni daftari limepangwa kujibu swali gani.

Tunawashukuru makatibu wote watatu waliotutumikia kwa zamu, mweka hazina wetu, na kijana wetu aliyetuvumilia tukimwita saa yoyote. Tunawashukuru waume zetu, waliozoea kula wakiwa wamechelewa siku za mkutano. Tunamshukuru kwa namna ya pekee mwenzetu wa zamu ya jioni. Tangu mwaka 2023 yeye ndiye msimamizi wa daftari la banda, na mwenye kutaka kuliona anakaribishwa kwake siku yoyote ya kazi, akishamaliza kuuza vitumbua.

 

Mwenyekiti, kwa niaba ya kamati na wanachama wote